Kabla Hujamkabidhi Mhariri Muswada Wako

Muswada wangu wa kwanza wa riwaya niliupeleka kwa mhariri ndani ya mfuko wa rambo, enzi zile mifuko hiyo haijapigwa marufuku. Nilishuka na Hiace kutoka Uru asubuhi, nikamkuta mwenyewe ananisubiri kwenye mgahawa mmoja si mbali na Mnara wa Saa, hapa Moshi mjini. Nikamwambia maneno matatu: "Naomba uniharirie tu." Akaniuliza, "Nikuharirie nini?" Nikamjibu, "Yote."

Miezi minne baadaye kazi ikarudi. Kila palipokuwa na kihamba pameandikwa shamba. Mfongo umekuwa mfereji. Meku, yule mzee wa sura ya 3 ambaye nilimjua hadi harufu ya kiko chake, sasa aliitwa "babu" na aliongea kama msomaji wa taarifa ya habari. Viambishi vyote vimekaa sawa, nukta zote ziko mahali pake. Lakini ng'ombe aliyeuzwa sura ya 4 alikuwa bado anakamuliwa sura ya 9, na hakuna aliyemwona.

Nilikasirika wiki nzima. Kukubali kwamba mtu yule hakuwa na kosa kulinichukua muda mrefu zaidi ya hapo. Alikuwa mhariri wa lugha, akahariri lugha, kwa kadiri alivyofundishwa lugha. Mimi ndiye niliyekwenda sokoni bila kujua ninanunua nini.

Haya ninayoandika basi ni kwa mwandishi mwenzangu, awe Kibosho, Marangu, Rombo au kwingineko, ambaye amemaliza riwaya, hana kampuni ya uchapishaji inayomsimamia, na anataka kutoa fedha yake mfukoni kumlipa mhariri wa kujitegemea.

Unanunua kazi ipi?

Neno "kuhariri" limebebeshwa kazi zisizofanana. Ya kwanza ni ya hadithi yenyewe: muundo, wahusika, mfuatano wa matukio, sura zinazovuta na sura zinazolala. Anayeifanya anaweza asiguse hata koma moja. Anakuandikia barua ya kurasa kadhaa, akikueleza alipochoka, alipopotea na mhusika ambaye hakumwamini. Huyo ndiye angemwona ng'ombe wangu. Ya pili ni ya lugha: sentensi, upatanisho wa kisarufi, tahajia, nyakati, uteuzi wa maneno. Ya tatu ni kusoma prufu, kitabu kikishapangwa kurasa, kutafuta herufi zilizoruka na mistari iliyojirudia.

Zifuate kwa mpangilio huo huo. Ukianza na lugha, kisha ukagundua sura ya 6 yote inapaswa kutoka, utakuwa umemlipa mtu kupiga deki chumba unachokwenda kukibomoa. Wapo wanaoziweza zote tatu, lakini hawazifanyi kwa mkupuo mmoja, na anayesema anaweza, mimi humuogopa.

Tuliokulia kwenye kahawa tuna mfano wetu. Bodi ya Kahawa, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Moshi, ina waonjaji. Mwonjaji huvuta kahawa kutoka kwenye kijiko kwa kelele, huizungusha mdomoni, huitema, kisha hutaja kasoro: hii iliachwa ikachacha, hii haikukauka sawasawa. Hakulima yeye, wala hatakuja kukupalilia. Unachomlipa ni ulimi. Mhariri wa hadithi ni hivyo hivyo, na ndiyo maana si kila mwalimu mzuri wa sarufi anaiweza kazi hiyo.

Kazi ambayo hutakiwi kumlipa mtu

Usimpe mtu rasimu ya kwanza. Iweke pembeni. Mimi huiweka kuanzia mvua za masika hadi kahawa inapoanza kuiva, na nikirudi huwa nimesahau kiasi cha kutosha kuona aibu. Peleka steshenari ikachapwe upande mmoja wa karatasi, mistari ikiachiana, halafu soma kwa sauti ukiwa peke yako. Pale unapokatika pumzi, sentensi ni ndefu. Pale unaporuka mstari bila kujua, hapo hadithi imelala. Kisha chukua karatasi nyingine uandike kila sura kwa mstari mmoja tu: nani, wapi, siku gani, nini kimebadilika. Sura ambayo huwezi kuijazia hilo la mwisho ina matatizo. Kwa njia hiyo ndiyo nilimpata ng'ombe mwenyewe, mwaka mmoja baadaye, bila kumlipa mtu shilingi.

Makosa ya tahajia nayo yapunguze kadiri uwezavyo, maana mhariri anayesimama kila mstari kurekebisha herufi hawezi tena kuisikia hadithi. Ila usikimbilie njia ya mkato. Kosa kubwa la zama hizi za simu ni kuandika "alikua" badala ya "alikuwa", na mimi nilikuwa nalo karibu kila ukurasa. Nikajiona mjanja, nikaiagiza kompyuta ibadilishe kila "kua" iwe "kuwa", muswada mzima, mara moja. Ikatii. "Kuanza" ikawa "kuwanza". "Kuandika" ikawa "kuwandika". "Chukua" ikawa "chukuwa", na sura ya harusi ikafunguliwa na bibi harusi aliyekuja "kuwaga" wazazi. Siku tatu nilikuwa narudisha nilichokiharibu kwa sekunde mbili. Tafuta neno zima, "alikua", "walikua", "ilikua", moja baada ya jingine, na hata hapo tazama kabla ya kubadilisha, maana mtoto naye kuna siku alikua kweli.

Wengi wetu wa bara tuna jingine, la "dh" na "z", "th" na "s". Masikio hayatusaidii, kwa hiyo kamusi iwe mezani. Mhusika wangu mmoja aliwahi kumwambia mchumba wake kwamba penzi lake halina samani, kana kwamba wanasubiri viti na makabati.

Karatasi moja

Kama utakumbuka jambo moja tu katika haya yote, likumbuke hili: muswada usiende kwa mhariri bila karatasi moja juu yake. Moja, si tatu. Andika jina la riwaya na idadi ya maneno. Andika hadithi yote kwa mistari kumi, pamoja na mwisho wake. Usimfiche mhariri mwisho. Yeye si mteja wa dukani. Andika unamwandikia msomaji gani. Andika kazi unayoitaka na kazi usiyoitaka. Nyuma ya karatasi hiyo orodhesha wahusika, umri wao na wanavyohusiana, maana katika familia zetu shangazi, mama mdogo na mke wa mjomba wanaweza kukaa jiko moja, na mtu wa nje akawachanganya wote watatu.

Na kama unaandika kutoka mlimani, karatasi hiyo ina kazi nyingine ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote: maneno ya kuachwa kama yalivyo.

Kiswahili sanifu kilichukua msingi wa Kiunguja, kwa uamuzi uliofikiwa Mombasa mwaka 1928. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ambayo miongoni mwa kazi zake ilipitia miswada ya vitabu kuhakikisha iko katika Kiswahili kilichokubaliwa. Watu wa migombani hatukuulizwa. Silalamiki, bila kazi ile msomaji wa Kigoma na msomaji wa Lamu wasingeshika kitabu kimoja. Lakini mhariri aliyelelewa katika usanifu huo akikutana na neno asilolijua, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye neno analolijua. Usipomwambia mapema, atakusafishia.

Tazama lile la kihamba. Mlimani kwetu, shamba ni lile la chini, tambarare, la mahindi na maharage. Kihamba ni migomba na kahawa inayoizunguka nyumba, ardhi ya ukoo inayorithiwa, na humo ndimo wazee wanamozikwa. Mhariri wangu alipoandika "shamba", alimhamisha mjane wa riwaya yangu kutoka nyumbani kwake, akamshusha tambarare, mbali na kaburi la mumewe. Riwaya nzima ilikuwa inahusu kama atafukuzwa pale au la. Mfongo vilevile: ni njia ya maji iliyochimbwa na watu wa ukoo, maji yanagawanywa kwa zamu, na zamu ina mwenyewe. Mfereji unaweza kuwa ule wa maji machafu wa pale sokoni Mbuyuni. Na isale, lile jani linalopelekwa kuomba msamaha, ukiliita "jani" utakuwa umeua sura nzima.

Hata hivyo, si kila neno la nyumbani lina haki hiyo. Baada ya kupoa nilipitia muswada nikakuta nimetia Kichagga mahali pengi kwa majivuno tu: vyombo vya jikoni na vitu vya uani ambavyo Kiswahili kina majina yake mazuri. Hivyo nikavitoa. "Meku" nikamwacha kwenye midomo ya wahusika. Msimulizi akasema "mzee". "Aika" ikabaki pale mtu anaposhukuru. Kipimo changu kimekuwa hiki: neno la Kiswahili likibeba jambo lote, tumia Kiswahili, likibeba nusu, lako libaki. Na likibaki, usilifafanue kwa mabano. Mpe mhusika isale mkononi, aende nalo kwa ndugu yake aliyemkosea, tuone ndugu anavyolipokea, na msomaji wa Mtwara ataelewa bila kufundishwa. Yaliyobaki yapeleke kwenye sherehe ya maneno mwishoni mwa kitabu, yasizidi ukurasa mmoja.

Mwambie mhariri pia mhusika wako ametoka upande gani. Mmachame na Mrombo hawasemi sawa, na sisi wenyewe hutaniana kwa hilo. Mwandishi anayechanganya bila kujua atachekwa kwanza na watu wa kwao.

Hatuanzi sisi. Petro Itosi Marealle aliandika maisha ya Wachagga kwa Kiswahili katika kitabu chake cha mwaka 1947, *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera*. Kule Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kuichapisha, akaamua kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, na mwaka uliofuata mzee akafariki. Katika habari hiyo ya kusikitisha mimi huangalia neno moja: mwenyewe. Kipi kivuke kutoka Kikerewe na kipi kibaki, aliamua mwenye hadithi.

Kumpata, na kumjaribu

Fungua riwaya za Kiswahili unazozipenda, soma ukurasa wa shukrani. Waulize waandishi. Umoja wa waandishi wa riwaya, UWARIDI, una watu waliokwisha kupita njia hii. Hapa Moshi tuna walimu wa Kiswahili wa Chuo Kikuu Katoliki Mwenge, na huku vijijini wamejaa walimu wastaafu wenye macho makali kuliko kijana yeyote mwenye kompyuta. Ila tofautisha. Mtu aliyezoea kuhariri vitabu vya kiada amezoea lugha isiyoruhusiwa kukosea, inayosubiri ithibati. Katika riwaya, konda wa daladala lazima aongee kikonda. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mhariri si shahada yake. Huuliza: riwaya gani ya Kiswahili umeisoma karibuni ukaifurahia? Akianza kunieleza umuhimu wa fasihi katika jamii, namshukuru na kuaga.

Halafu mpe kurasa kumi za majaribio, na umlipe. Zisiwe za mwanzo. Zile umezisugua mara ishirini. Chukua katikati, pale penye mazungumzo ya watu watatu au zaidi. Ukiweza, wape wahariri wawili kurasa zilezile.

Mimi niliwahi kumpa mwalimu mstaafu mmoja wa upande wa Marangu. Katika kurasa zile kulikuwa na sentensi hii, naiandika kama ilivyokuwa:

"Siku hiyo ya Jumamosi asubuhi kijana alikua anatembea akiwa anaelekea kwenye mfongo kwa ajili ya kwenda kufungua maji, na moyoni mwake alikuwa na huzuni nyingi sana kwa sababu baba yake alikuwa amefariki."

Mhariri wa pili niliyempa kurasa hizo alinirudishia hivi: "Jumamosi asubuhi kijana alikuwa akielekea mfongoni kufungua maji, moyoni akiwa na huzuni nyingi kwa kufiwa na baba yake." Ni kazi safi. Sentensi imepungua karibu nusu na hakuna kilichopotea.

Mwalimu hakugusa neno. Pembeni aliandika kwa penseli: "Ukurasa wa 31 umesema zamu ya ukoo huu ni Jumanne. Na kama mwenye zamu amekufa, nani amempa huyu mtoto ruhusa?"

Nilikaa na swali hilo siku mbili. Nilikuwa sijui jibu, na lilikuwa ndilo jambo lenyewe. Nikaifuta sentensi, nikaandika: "Zamu ilikuwa ya baba. Jumanne kijana akachukua jembe la marehemu, akashuka mfongoni, akakuta maji yameshafunguliwa." Nani ameyafungua? Baba mdogo. Kuanzia hapo riwaya ikawa na mgogoro ambao nilikuwa nautafuta kwa kurasa 80, na huzuni sikuhitaji tena kuitaja.

Wote wawili nikawapa kazi. Mwalimu hadithi, yule mwingine lugha, baadaye.

Fedha na maandishi

Bei ni ya makubaliano. Ipangeni kwa neno badala ya ukurasa, maana ukurasa hunenepa na kukonda kwa ukubwa wa herufi. Na kabla ya kulalamika kwamba ni ghali, piga hesabu. Muswada wa maneno 60,000, kwa maneno 250 kila ukurasa, ni kurasa 240. Mhariri wa lugha akienda kwa makini kurasa sita kwa saa, hizo ni saa 40 za macho kwenye karatasi, na hakuna anayeweza kuhariri vizuri saa nane mfululizo kila siku. Anayekuahidi kurudisha kazi baada ya siku tatu hajapanga kuisoma.

Lipa kwa mafungu: kianzio, fungu la pili kazi ikifika nusu na umeiona, la mwisho ukishapokea. Ukituma kwa simu, tunza ujumbe wa muamala. Mkataba uwe wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na usaini hata kama mhariri ni binamu yako. Hasa kama ni binamu yako. Utaje kazi ipi, tarehe zipi, shilingi ngapi, na kama baada ya wewe kurekebisha atapitia tena na mara ngapi. Hilo la mwisho ndilo huzua ugomvi kuliko bei. Utaje kwamba kauli ya mwisho juu ya kila neno ni ya mwandishi. Na siku hizi ongeza mstari mmoja: muswada hautaingizwa kwenye programu ya akili mnemba bila idhini yako. Umetafuta jicho la mtu na ndilo unalolilipia.

Kuhusu wizi, ambao ndio hofu ya kila mwandishi mchanga: hakimiliki ni yako tangu unapoiandika kazi, na kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Tuma muswada kwa barua pepe ili tarehe ibaki, andika kwenye mkataba kwamba malipo ya mhariri yakikamilika hana dai lolote juu ya kazi, kisha ulale. Nimeona miswada mingi iliyooza kabatini kwa woga. Iliyoibwa na mhariri, mimi binafsi sijaiona.

Jambo dogo: usiweke tarehe ya makabidhiano Desemba. Wachagga wa Dar wote wanapanda nyumbani, mhariri wako huenda yuko kwenye basi hilohilo, na kuanzia Krismasi hadi mwaka mpya hakuna atakayesoma kitu huku mlimani zaidi ya bei ya mbuzi.

Maoni yakirudi

Usijibu siku hiyo. Nilipopokea barua ya Mwalimu, kurasa saba kwa mkono, nilimpigia jioni ileile.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekasirika?"

"Hapana, Mwalimu."

"Umekasirika. Nipigie Jumapili baada ya ibada."

Akakata simu. Jumapili nilikuwa nimeshakubaliana naye kwa mambo mengi kuliko nilivyotaka.

Gawa maoni mafungu matatu. Yapo ambayo ukiyasoma unajua papo hapo ni kweli, yafanye leo. Yapo ambayo mhariri amekosea, kwa kuwa hakuelewa au kwa kuwa anataka kuandika kitabu chake. Hayo yaache, na umweleze sababu kwa adabu, sentensi moja inatosha. Fungu la tatu ndilo lenye mali: ameona kidonda, lakini dawa aliyotaja siyo. Mwalimu aliniambia nimfute shangazi mmoja kwa sababu anachosha. Alikuwa anachosha kweli. Ila sikumfuta, nilimpa deni la baba mdogo, na hapo hapo akaacha kuchosha. Mhariri akisema "hapa pananisumbua", mwamini. Akisema "fanya hivi", fikiri kwanza.

Kwa uhariri wa lugha, mwombe atumie ile sehemu ya Word inayoonyesha kwa rangi kila kilichofutwa na kuongezwa. Kisha pitia badiliko moja moja. Kipo kitufe cha kukubali yote kwa mkupuo, nacho ni ndugu wa kile kilichoniletea "kuwanza". Ukipitia sura mbili tatu utaanza kuyaona makosa yako ya kudumu, na hiyo ni shule ambayo umeshailipia ada. Mimi niligundua kwamba kila mhusika wangu "alishusha pumzi ndefu" kabla ya kusema. Mara 43. Ukoo mzima una pumu.

Kila toleo lipe jina lenye tarehe, na nakala moja ikae nje ya kompyuta. Umeme huku juu unakatika mvua ikitaka tu kunyesha.

Prufu mpe mtu wa tatu, ambaye hajawahi kuiona kazi. Wewe na wahariri wako mmeshaikariri, macho yenu yanasoma yaliyomo kichwani. Namba ya ISBN huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Na kama unataka kuipeleka Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, soma masharti yao kabla hujaanza kuhariri, siyo usiku wa kufunga dirisha.

Halafu weka jina la mhariri kwenye ukurasa wa shukrani. Muulize kwanza kama anataka litokee, maana wapo wasiopenda, na akikubali, muulize linavyoandikwa herufi kwa herufi. La Mwalimu nililikosea, na hakuna aliyeliona isipokuwa yeye.